Kopi Mbili

Asaa wa Wete kaingia dukani kwangu, Ngamiani,
katiba mbili kwapani:
ya Muungano imechanika jalada,
ya Zanzibar imevikwa gazeti.
"Nitolee kopi pale pa kwenda mtu atakako."

Huku ibara ya kumi na saba, kule kumi na sita.
Nikazilaza kiooni bega kwa bega.
Hii yasema raia. Ile, Mzanzibari.

"Mimi nimo kotekote," akapita na ukucha.
"Mama Riziki, wa Muheza, yumo humu.
Riziki kazaliwa Bombo, kanyolewa Wete,
umtie wapi?"

Karatasi ikatoka ya moto,
katikati mstari mweusi, mpana kama kidole.
"Na hapa?"
Vitabu havikugusana, nikamwambia. Mia mbili.

Akalipa,
akaiinua juani, kuuchungulia.