Kipimo cha Saa Moja

Saa moja asubuhi, bandarini,
mtu mrefu mwenye kofia ya nyuzi huinama
penye ubao wa namba uliopigiliwa gatini.
Anasubiri wimbi lipite, na jingine lipite,
kisha anasoma pale ambapo ziwa
limesahau kutikisika.
Anaandika kwa penseli.
Wino, alisema, hauna subira na maji.

Selorm Agbeko. Makuli wakalinyoosha jina: Selomu.
Alitoka Ghana, kwenye bwawa la Volta,
na mitambo mitatu maishani mwake:
mmoja aliuzindua,
mmoja aliufufua,
mmoja ulimla kidole cha shahada.
Nikamwambia, naitwa Minza.
Akasikia minzi, akauliza maana.
Nikacheka: kwa Kisukuma, maji.
"Basi, Maji, shika hii,"
akanipa penseli ya pili.
Kwetu, alisema, ungeitwa Tsi.

Nguvu ya maji, alinifundisha, si wingi.
Ni wingi ukianguka.
"Tazama ziwa lenu. Limelala chali toka Musoma hadi Bukoba,
haliwashi hata taa ya choo.
Mpaka lifike kule Jinja, lijikwae,
ndipo watu wapige pasi."
Kazi yetu ilikuwa hiyo:
kuwapigia simu wa huko chini
kuwaambia lililolala limeamkaje.

Usiku mgao ukiizima Igogo yote
alikula ugali wa udaga kwa Nyanzobe, kwa kibatari,
akiusifu kama akple ya mama yake.
Vijana walimtania: Fundi, si uwashe!
Akawanyooshea kidole
kisichokuwepo.

Kisha ule mwaka ziwa lilipopanda.
Sentimita mbili kwa juma, tatu,
namba zikaukwea ubao
hadi kwenye rangi isiyowahi kulowa.
Ofisi ilitaka tarakimu. Tulituma tarakimu.
Lakini kule Igombe maji yaliingia jikoni kwa Bibi Kabula,
yakakaa, kama mgeni asiyejua kuaga,
na Selomu akavua viatu.
Alibeba kinu. Alibeba kuku wawili kwapani.
Halafu akatoa bisibisi mfukoni
akaufungua mlango, bawaba baada ya bawaba,
maji yakiwa magotini,
bibi akilia kwamba mlango una nini, mwanangu, acha mlango.
"Hapana," alisema. "Sisi tuliuacha."

Tulikaa juu ya jiwe, mlango umelala kati yetu kama meza.
Alikuwa na miaka saba bwawa lilipojaa.
Kwanza lilizama shamba la mihogo.
Kisha kisima (kisima, Minza, kuzama majini!
akacheka peke yake).
Kisha babake, aliyekuwa tayari chini ya ardhi,
akawa chini ya ziwa pia.
Miaka ishirini baadaye kijana mmoja mwenye ovaroli mpya
alizungusha gurudumu kwenye chumba cha udhibiti,
sindano ikapanda, mji mzima ukawaka,
na yale maji yaliyouwasha
yalikuwa yamepita juu ya mlango wa kwao.

Sikumuuliza kama alijuta.
Akaona sijauliza.
"Niliona fahari," alisema.
"Hilo ndilo sijamwambia mtu."
Kuku mmoja akapanda mlangoni, akanya.
Tukaufuta.

Amestaafu, amerudi kwao; nasikia anafuga nyuki.
Daftari lake lipo kwangu, limevimba kwa unyevu.
Nimepekua siku ile ya Igombe.
Kwenye safu ya kina hakuna namba,
kuna maneno mawili, penseli imekandamizwa
hadi karatasi imetoboka:
mlango mmoja.
Ofisi haijawahi kuulizia.

Nami nainama saa moja, wimbi lipite, na jingine.
Leo ziwa limeshuka kidole.
Kipi, sijaandika.