Aliyeosha Vikombe

Nimekimaliza usiku wa kuamkia Ijumaa,
chumbani kwangu nyuma ya jiko, hapa Ibra,
kiyoyozi kikikoroma kama mwenye pumu
na maji ya bomba, usiku wa manane, bado ya moto.
Kitabu kanipa Bi Ghaniya. Cha marehemu mama yake,
kilitoka Unguja ndani ya sanduku la nguo,
jalada limeliwa na mende,
kurasa zanuka vidonge vya nondo.

Basi ni hivi: tajiri kafa kitini mwake,
kahawa imemwagikia zulia, kikombe hakipo.
Wageni saba nyumbani, kila mmoja na lake:
mpwa ana madeni, daktari ana barua anayoificha,
dada mtu kavaa nguo nyeusi tangu kabla ya msiba.
Anakuja mpelelezi, koti refu, kikohozi kikavu.
Anapiga magoti bustanini kupima nyayo,
ananusa majivu ya sigara, anaandika, ananyamaza.
Kurasa mia mbili ananyamaza.

Mimi nilimjua muuaji ukurasa wa thelathini na moja.

Sijisifu. Ni kwamba mwandishi kaandika,
kama mtu anayefukuza nzi:
mtumishi akaingia na sinia, vikombe vinane.
Kisha, chini kidogo:
mtumishi akatoka na vikombe saba.
Nikaweka kidole hapo. Nikahesabu tena.
Mwosha vyombo hasahau kikombe,
sembuse kile chenye pengo mdomoni,
ambacho dada mtu hakubali kunywea kingine.

Tangu hapo namsubiri yule bwana
aje jikoni, avute kigoda, aulize:
Mama, hebu nieleze, cha nani hakikurudi?
Hakuja.
Jiko la kitabu kile halina hata dirisha.
Mtumishi hana jina, hana kwao,
hana hata kikohozi.
Mimi bibi yangu aliniita Siwatu,
kwa ugomvi wake na majirani kule Muheza;
na ingawa lasema si watu, ni jina,
mtu akiliita naitika.

Mwisho anawakusanya wote sebuleni,
anazungumza kurasa kumi na mbili, anatembea, anageuka,
anamnyooshea dada mtu kidole, wote wanaguta.
Mtumishi yuko mlangoni na sinia lake.
Mwandishi kasahau kumtoa.
Hadi leo yuko pale, mikono inamuuma.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.
Hawakusema nguo hizo anazifua nani.
Mimi, katika nyumba hii, najua
dishdasha ya nani inarudi na harufu ya udi usiochomwa humu,
nani anafukia vidonge vyake vya sukari
kwenye chungu cha mrehani,
nani analia bafuni akifungua bomba mpaka mwisho.
Najua pasi yangu ya kusafiria iko droo ya pili,
chini ya risiti za umeme, imefungwa mpira.
Hajafa mtu. Kwa hiyo hakuna wa kuniuliza.

Asubuhi nikammiminia kahawa Bi Ghaniya,
naye anatoa kokwa ya tende mdomoni.
"Umekimaliza? Ulimshuku nani?"
"Dada mtu," nikasema. "Na wewe, bibi?"
Akapiga funda moja, akacheka.
"Mie? Mie tangu mwanzo nilimshuku mtumishi.
Anaingia, anatoka, hasemi kitu!"

Tukacheka wote wawili.
Chake kilikatika kabla ya changu.
Akakitazama kikombe, ndani, kwenye machicha,
akanitazama mimi na dele langu mkononi,
kisha akakitikisa, kwamba basi, imetosha.

Kila siku hunywa vitatu.