Lam na Mim

Niliposema naenda Lima, ami Bunu alicheka hadi kahawa ikamwagika:
"Ukalime nini huko, wewe usiyejua hata kushika jembe?"
Nikamwandikia mchangani kwa hati ya chuoni
lam, ye, mim, alifu; na kando yake lam, alifu, mim, wau.
"Tazama, ami. Ni mji wetu, irabu tu zimehama."
Akafuta kwa kidole cha mguu. "Basi nenda. Kalete mbegu."

Miaka kumi na tisa nimezungusha wageni Mkomani na Langoni.
Najua wapi watasimama, wapi watauliza bei ya mlango,
wapi punda atawapita na mmoja wao atapiga yowe.
Sasa ni mimi mwenye chupa ya maji na kofia isiyonikaa,
namfuata mama mfupi aitwaye Nélida,
Kiingereza chake na changu vikichechemea pamoja.
Amebeba mwavuli wa manjano, hajaufungua hata siku moja.
Mvua, alisema, haijui njia ya kufika Lima.
Ni ukungu tu, unakulamba uso kama ndama.

Akatuonyesha roshani za mbao zilizoning'inia juu ya barabara,
zimezibwa kote, zina vitundu vya kimia,
ili aliye ndani aone asionekane.
Nikacheka peke yangu. Bibi yangu angekaa pale
ajue nani kanunua changu wangapi, na kwa deni la nani.
Ya chini kabisa nikaifikia, nikanyoosha mkono. Askari akapiga filimbi.
Kwetu unaegemea mlango ukimsubiri mtu,
na migongo imeng'arisha mbao kuliko msasa.

Nikauliza maswali yale yale ninayoyachekaga:
ni za kweli? Za miaka mingapi? Kuna watu wanaishi humo?
Nélida akajibu bila kuvuta pumzi,
nami nikaisikia sauti yangu ikitoka kinywani mwake,
sauti ya mtu aliyesema jambo mara elfu
mpaka jambo likaondoka, kukabaki kusema.

Siku ya tatu tukashuka chini ya kanisa la Mtakatifu Fransisko.
Mifupa imepangwa: mapaja na mapaja, mafuvu na mafuvu,
kisimani, duara ndani ya duara.
Picha zimekatazwa, mikono yetu ikakosa kazi.
Nikasoma dua kimoyomoyo. Sikujua kama inafaa; nikaisoma.
Nélida akashusha tochi, akasema, na hili halikuwa la kukariri:
"Aliyeipanga alijua kupanga. Majina hakuyajua.
Bibi wa bibi wa bibi yangu yumo, sijui ni yupi.
Kila nikipita namsalimia yule wa kushoto."

Ami nimemletea punje sita za mahindi ya zambarau.
Ameziweka kikombeni, dirishani. Hajazipanda.

Jumatatu, wageni saba, Ngome, saa tatu asubuhi.
Ilijengwa lini, ikawa gereza, gereza likahamishwa;
hapo kwa kawaida nageuka,
nawapandisha juu wakatazame mapaa.
Sikugeuka.
Nikasema: chumba hiki alilala ami yangu, Bunu Famau, miezi saba,
kwa kukata boriti za mkoko bila kibali.
Na dari hii, tazameni, ni boriti.
Alilala chali akazihesabu, hapakuwa na kingine cha kusoma.
Alipotoka alisema "arobaini na moja,"
na juu ya gereza hajaongeza neno.

Hakuna aliyepiga picha.
Mtoto wao mmoja akainua shingo,
akahesabu kwa lugha ya kwao, midomo ikienda.
Thelathini na tisa, akasema.
Nami, miaka kumi na tisa, sikuwahi kuzihesabu.
Tukaanza upya, sote, vichwa nyuma,
chokaa ikituangukia machoni.