Pua ya Siku Kumi na Moja

Saa nane za usiku, Langoni, umeme umekatika,
na wewe, Famau wangu, wakoroma
kama mzee aliyeshiba pilau ya watu.
Siku kumi na moja tu duniani!
Washika ziwa, wavuta mara mbili, waachia,
kilio chatafuta pa kutokea,
maana hujajua bado kuwa mdomo nao ni njia.

Nesi Kadzo alisema: si kila kukoroma ni mafua.
Njia zao nyembamba, mama, hata vumbi huziziba.
Tone la maji ya chumvi kila tundu, ngoja, kisha futa.
Mafuta makali usipake.
Ukiona mbavu zabonyea, midomo yageuka rangi,
usingoje kukuche.
Basi nimekesha nakuhesabu mbavu
kwa tochi ya simu, chaji asilimia sita.

Juu ya chetezo hakusema neno; sikumuuliza.
Pale mlangoni chafuka moshi wa ubani,
bibi yako Mwanaheri hukitia kaa kila magharibi
ili jicho lisipite, husuda isipite,
na kweli hakijapita kitu,
hata hewa.

Nimwambieje? Mimi wa kuja, kutoka Siyu,
niliyeingia nyumbani mwake na masanduku mawili?
Nikainuka. Mshono waniuma kila hatua.
Nikakibeba chetezo kwa pindo la leso,
ngazi ya mawe, kidato, kidato,
hadi juu kusikoezekwa,
nikakiacha kifukize nyota.

Kurudi, namkuta amekupakata gizani.
Hakuuliza moshi umekwenda wapi.
Akainama, mdomo wake usio na meno ya mbele
ukaifunika pua yako nzima,
akafyonza mara moja, kama afyonzaye kokwa la embe,
akatema kitambaani, akafuta.
"Babake alikuwa vivi hivi," akasema,
si kwangu hasa, labda kwa ukuta.
Kisha: "Haya, lete matone ya huyo nesi wako.
Tundu hili la kushoto bado."

Nikamulika. Akatia. Ukapiga chafya
ndogo, ya hasira, iliyotulowesha sote wawili,
ukanyonya bila kuachia hadi simu ikazima.

Kaa la kule juu sijui lilikufa saa ngapi.
Asubuhi nilimkuta paka wa jirani
kajikunja ubavuni mwa chetezo, kwenye joto lililosalia,
pua kaificha chini ya mkia.