Haragwe Jeusi

Denton, Texas, Jumapili ya pili ya Februari,
barafu imewamba madirisha ya nyumba yetu
yenye herufi tatu za Kiyunani juu ya mlango,
nasi mabinti ishirini na wawili tumeketi zuliani
kupima roho za wenzetu kwa maharagwe.

Jeupe, aingie. Jeusi, abaki nje.
Moja jeusi latosha. Ndivyo isemavyo katiba
waliyoiandika bibi zao, wavaa glavu kanisani.

Mimi ndimi katibu, kwa kuwa mwandiko wangu hauna doa:
Anansia, binti wa mchungaji wa Mwanga,
niliyefika hapa na sanduku moja
na ushuhuda wa aina mbili:
ule wa kweli, na ule unaopendwa.
Nikawapa unaopendwa.
Walilia. Nikaingia.

Jina la mwisho jioni ile lilikuwa Tamsin Ledbetter.
Hufua mashuka kwenye nyumba ya kutunzia wazee,
mikono yake inanuka jiki.
Tulipomwuliza, "Je, unamjua Bwana?"
alikitazama kikombe chake hadi chai ikapoa.
"Sijui kama namjua," akasema.
"Nadhani yeye ananijua. Kuna usiku
mzee anakata roho, namwimbia kwa sauti ndogo,
maana hakuna mwingine chumbani.
Hiyo mnaihesabu?"

Hakuna aliyejibu. Kulikuwa na keki.

Alipotoka, akasimama Harlow Stutzman,
Harlow wa sheria, wa kalamu nyekundu pembeni mwa Biblia:
"Tukiitwa Wakristo, jina hilo lazima lishike mahali.
Mlango usio na kizingiti si mlango, ni tundu la ukuta.
Kesho atakuja asiyeamini lolote
ila kodi nafuu ya chumba. Tutamwambia nini?"
Wengine wakaguna. Mimi niliandika kila neno
na hadi sasa sijaona pa kumkosoa.

Mtungi ukazunguka. Ukamwagwa mezani.
Meupe ishirini na moja.
Jeusi moja.

Macho yote yakamwendea Harlow.
Hakujitetea. Aliifunga Biblia,
akatoa mablanketi mawili kabatini,
akaibeba sufuria ya supu kama ilivyo, na mwiko ndani,
akatoka kwenye barafu na viatu vyake vya raba
kumfuata Tamsin kituoni,
kungojea naye basi lisilokuja.

Haragwe lile lilikuwa langu.

Nisiulizwe kwa Kiingereza; kwa Kiingereza nina majibu.
Kwa lugha ya mama yangu nasema: nilimwonea wivu.
Mimi nilikinunua kiti hiki kwa machozi ya kupika,
yeye akataka kuketi bila kulipa,
mkononi ana ukweli tu, mkavu kama mkate wa juzi.
Tena aliniangalia mimi aliposema "yeye ananijua,"
kama anayeuliza: na wewe, je?

Saa nane za usiku. Kitabu cha kumbukumbu kiko wazi.
Safu ya jina. Safu ya uamuzi. Safu ya sababu.
Natafuta kinachoifanya nyumba hii kuwa yake.
Herufi? Hata mabingwa wa pombe ng'ambo ya barabara wanazo.
Mikate tunayoigawa Alhamisi kwa wasio na pa kulala?
Labda, tukiondoa kamera.
Ungamo? Ndiyo. Harlow kasema kweli, ungamo.
Ila katiba humhoji anayebisha hodi;
aliyekwisha kuingia hakuna amwulizaye tena,
naye ndiye ashikaye mtungi.

Mlango unalia. Ni Harlow, anakung'uta barafu,
na nyuma ya hatua zake, hatua nyingine,
na harufu ya jiki.

Ninaishika kalamu.
Kwenye safu ya jina naandika langu.
Safu ya sababu ni nyembamba mno.
Nageuza ukurasa.