Kucha za Kulia

Zuweina hakati kucha za mkono wa kulia.
Benki, pale Ruwi, wateja humkodolea
akihesabu riali. Mama alikuwa akisema:
"Mkono mmoja biharusi, mmoja mwosha masufuria."

Gitaa alilinunua kwa Mgoa aliyekuwa anahama,
waya wa tatu haupo.
Miaka kumi na tisa, kiyoyozi kimezimwa, jasho tu:
dole gumba linatembea peke yake,
vidole vingine vinalisengenya.

Albamu moja. Nakala mia mbili;
themanini bado zimo uvunguni.

Hotelini wanataka za Kiingereza. Huwapa.
Mwishoni huchomeka yake, ya Kiswahili,
na mhudumu wa Tanga husahau trei mkononi.

Leo mlango wa gari umemvunja ukucha wa kidole cha shahada.
Ameketi, gundi mezani,
anapuliza.