Punje Tatu

Machimbo ya Micheweni, saa nne, jua limeshalishika jiwe.
Nina nyundo, mifuko ya nailoni, kalamu ya wino usiofutika.
Naitafuta bahari iliyolala humu
kabla hajazaliwa wa kuiita bahari.

Jiwe la kwanza: kombe, mdomo wazi.
La pili: kombe.
La tatu, kombe tena, nikaandika daftarini:
Maji ya magotini. Tulivu.
Nikapigia mstari.

Time Makame, anayeponda kokoto kwa malipo ya ndoo,
akauliza kama nimeshapata. Nikamwambia.
"Kwa mawe matatu?
Mimi mchele siununui kwa punje tatu, shoga.
Nazamisha mkono mpaka chini ya gunia,
ndiko wanakoficha chenga."

Nilitaka kufuta. Wino ule.

Mawe mia nne na kumi na mbili baadaye
bahari yangu ina kina, ina mkondo,
ina matumbawe yaliyovunjwa na mawimbi yasiyo na shahidi.
Daftari bado linasema magotini.

Naye Time, mimba ya sita, wasichana watano nyumbani:
"Huyu mwanamme. Zamu yake imefika."
Nikamweleza: tumbo haliweki hesabu,
halikumbuki waliopita,
kila mara ni shilingi mpya inayorushwa.
Akaniangalia kama anayechagua chenga.

Mwezi wa Rajabu akajifungua.
Mwanamme.
Akaniletea ujumbe, maneno mawili:
"Haya, andika."

Nimeandika.
Sampuli: moja.